Siku Tatu Kabla ya Kufungua Chungu

Miezi saba mfululizo, ioni zilikuwa zinamfia Mwalimu mikononi, na kila ikifa moja alikuwa anaandika saa, dakika na neno moja: "Imezimika." Daftari la kwanza lilijaa, la pili likajaa, na la tatu lilikuwa limefika katikati.

Kusema kweli hakuwa mwalimu tena. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, mwenye miaka arobaini na sita na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia ule wa kusomea. Alifundisha kemia sekondari kwa miaka kumi na minane, kisha akaomba ruhusa ya masomo, akaja kuketi kwenye maabara ya fizikia pamoja na watu ambao angeweza kuwazaa. Jina la Mwalimu likaja naye na kumganda kama kupe. Hata mlinzi wa getini alimwita hivyo.

Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kuisema, nzito kuifanya. Katikati ya maabara, juu ya meza nzito ya chuma, palikuwa na chombo cha ukubwa wa sufuria ya kupikia familia kubwa, chenye madirisha ya kioo pande zote. Wao walikiita chungu. Hewa ya ndani ilikuwa imenyonywa mpaka karibu isibaki kitu. Humo walinasa atomu moja tu ya metali iitwayo stronti iliyopokonywa elektroni moja, na atomu iliyopokonywa hivyo ndiyo ioni. Kwa kuwa ina chaji, umeme unaweza kuishika: vijiti vinne vya chuma, ambavyo umeme wake uligeuka mamilioni ya mara kwa sekunde, viliizungushia ukuta usioonekana, ikakosa pa kukimbilia. Kisha waliisogezea wingu la atomu za metali nyingine, rubidi, zilizopozwa kwa leza mpaka zikakaribia ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi nyingine.

Wingu likimfikia mfungwa huyo, lazima litokee moja kati ya mawili. Ama ioni inanyakua elektroni ya atomu mojawapo, na huo ni mmenyuko wa kemia kama ule aliokuwa akiufundisha ubaoni, ila huu ni wa chembe mbili tu. Ama zinagongana na kupishana salama, kila mtu na mali yake. Kwa mujibu wa hesabu, kinachoamua ni uelekeo. Kila moja ya chembe hizo ni kama sumaku ndogo. Zikielekea upande mmoja, elektroni haihami. Zikielekea pande tofauti, inahama. Na uelekeo wa atomu unaweza kuupanga kwa mwanga. Kwa hiyo Mwalimu alitakiwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti, akabonyeza kitufe, na kuamua mwenyewe kama mmenyuko utokee au usitokee.

Hesabu ilikuwa nzuri. Ioni ndiyo haikuisoma.

Kwenye skrini ilionekana kama nukta moja nyeupe, ndogo, imetulia kwenye giza. Wingu likipita, ioni inanyakua elektroni, chaji yake inakwisha, mtego unaiachia, na nukta inazimika. Atomu zielekee juu, inazimika. Zielekee chini, inazimika. Ikishazimika inabidi unase nyingine: unawasha kitanuri kilichomo ndani ya chungu, stronti inafuka mvuke kidogo, unaupiga mvuke ule kwa mwanga wa zambarau ili kuupokonya elektroni, na mtego unakamata ioni mpya. Dakika ishirini zimekwenda. Unaleta wingu. Inazimika.

"Mtego wenyewe umechafuka," alisema Chapuchapu siku moja ya Ijumaa, wakiwa watatu ofisini kwa Profesa. Chapuchapu alikuwa mtafiti kijana aliyemaliza masomo yake mwaka uliotangulia, na aliitwa hivyo kwa sababu alitembea mbio, alikula mbio, na aliandika barua pepe ambazo nusu ya maneno yalikosa irabu. "Tufungue chungu, tutoe vijiti, tuvisafishe. Tumeshapoteza muda wa kutosha."

"Ukifungua chungu, hewa imeingia," alisema Mwalimu. "Kukioka tena ili kufukuza unyevu, na kukinyonya, ni miezi minne."

"Tumekaa saba bila kitu, Mwalimu. Minne itatuua?"

Itamuua yeye, ndiyo. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa imebakiza miezi mitano. Lakini hakulisema, maana mtu hatetei mtego mchafu kwa sababu ya kalenda yake.

Profesa alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayetabasamu mara moja kwa mwaka, tena kwa bahati mbaya. Aliwatazama wote wawili kama anayesoma kipimajoto.

"Wiki ijayo wewe una mkutano," alimwambia Chapuchapu. "Ukirudi, Jumatatu hadi Jumatano mtachukua vipimo vya mwisho. Alhamisi tunafungua."

Mwalimu akafunga daftari lake.

*

Jumamosi yake, alfajiri, simu ikalia. Ni binti yake.

"Mama, nadhani imeanza."

"Unadhani, au imeanza?"

"Mama!"

"Nakuja."

Saa nne baadaye, katika wodi iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu, Mwalimu alikuwa amemshika mkono binti yake, na binti amemshika yeye kwa nguvu za mtu anayetaka kulipiza kisasi. Kufika adhuhuri, mtoto alikuwa ameshalia kilio chake cha kwanza, wa kike, kilo tatu na kitu, na ngumi zimekunjwa kana kwamba alikuja na neno la kusema na mtu.

Mume wa Mwalimu, seremala aliyekuja na vumbi la mbao bado kwenye nyusi, alichungulia ndani ya shuka. Kisha akamgeukia mkewe.

"Pole sana, mama. Nimeongeza mke."

"Mke mwenza mwenyewe ndiye huyu? Hana hata jino!"

"Ndiyo raha yake. Hatanijibu kwa miaka miwili."

Binti alicheka, akajishika tumbo, akawaambia wamwonee huruma, kucheka kunauma. Nao wakazidi kucheka.

Mkwe wao alikuwa safarini kikazi na hangerudi hadi wiki ipite, kwa hiyo Mwalimu alihamia kwa binti yake. Maabara ilifungwa: Chapuchapu kwenye mkutano, Profesa kwenye mitihani. Siku tisa nzima Mwalimu hakugusa leza wala kufungua daftari. Aliosha, alichemsha, alibembeleza, alilala kwa vipande vipande. Wakati mwingine, mtoto akiwa amelala kifuani pake, alijikuta anahesabu pumzi zake kama anayehesabu fotoni, zile chembe za mwanga, akajicheka mwenyewe.

*

Jumatatu aliporudi, alimkuta Chapuchapu ameshawasha kila kitu na ameshakunywa chai ya pili.

"Hongera, Bibi!"

"Asante, mdogo wangu. Umenasa?"

"Ipo ndani. Tuanze tumalize."

Walikaa kwenye chumba cha skrini, kilichotenganishwa na chumba cha leza kwa ukuta na pazia jeusi. Mwalimu alipanga atomu zielekee juu, sawa na ioni. Akaleta wingu. Nukta ikabaki. Akaleta tena. Ikabaki. Mara ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, nukta ipo tu, imetulia kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Akageuza atomu zielekee chini. Wingu likapita. Giza.

Chapuchapu aliacha kutafuna biskuti.

"Bahati," alisema.

"Huenda."

Wakanasa nyingine. Ilifanya vilevile asubuhi nzima: juu inabaki, chini inazimika. Mchana ilianza kuyumba, ikazimika mara mbili pasipotakiwa. Jumanne ilikuwa nusu kwa nusu. Jumatano asubuhi mambo yalirudi kulekule: juu giza, chini giza.

"Si nilikwambia bahati?" alisema Chapuchapu, lakini kwa unyonge, maana naye alikuwa ameanza kutumaini, na matumaini yakikatika huuma zaidi ya kutokuwa nayo. Akatoka kwenda kuleta boksi la spana.

Mwalimu alibaki peke yake. Kilichomsumbua hakikuwa giza la Jumatano. Giza alishalizoea. Kilichomsumbua ni mwanga wa Jumatatu. Katika miaka yake ya kufundisha alijifunza jambo moja kuhusu mwanafunzi anayefeli kila siku na siku moja akapata tisini: usimuulize kwa nini anafeli, muulize siku ile alifanya nini.

Siku ile ioni ilikuwa imefanya nini? Hakuna. Ilikuwa mpya, imenaswa asubuhi ileile; kilichopumzika ni mtego. Chungu chote kilikuwa kimekaa siku tisa bila mtu kukigusa.

Alivuta madaftari yote matatu, akachukua kalamu nyekundu. Kila siku ambayo nukta iliishi hata kidogo aliitia alama. Alianza taratibu, kisha mkono ukaanza kwenda mbio. Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu. Jumanne, baada ya sikukuu. Jumatatu. Katika miezi saba hapakuwa na Ijumaa hata moja iliyopata alama.

Alizihesabu tena alama hizo. Akachukua karatasi nyingine, akahesabu ni mara ngapi kila siku walinasa ioni mpya, yaani ni mara ngapi waliwasha ule mwanga wa zambarau. Na hapo akaliona, wazi kama kosa la hesabu la mtu mwingine: kadiri walivyowasha mwanga ule, ndivyo ioni zilivyozidi kufa. Na kadiri zilivyokufa, ndivyo walivyozidi kuuwasha.

"Yaani dawa ndiyo ugonjwa," alisema kwa sauti, peke yake chumbani.

Aliinuka akafanya jaribio dogo. Alinasa ioni mpya, akalegeza umeme wa mtego taratibu huku akiitazama nukta. Ioni iliyo katikati sawasawa, ukiilegezea, inakaa palepale. Hii ilihama. Iliteleza kushoto, kidogo tu, kama mtu anayesukumwa na bega asiloliona kwenye msongamano. Kuna umeme uliokuwa unaisukuma kutoka pembeni. Na ioni ikisukumwa nje ya kitovu cha mtego, mtego wenyewe unaitikisa; ikitikisika inapata joto; na ikiwa na joto, inagonga atomu kwa nguvu kiasi kwamba uelekeo hausaidii tena.

*

"Kauri," alimwambia Profesa dakika kumi baadaye, akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi. Alikuwa ametandaza madaftari juu ya karatasi za mitihani bila kuomba ruhusa. Chapuchapu alisimama mlangoni na boksi la spana mkononi. "Vijiti vinashikiliwa na vipande vya kauri. Ukingo wa mwanga wa zambarau unaipiga ile kauri. Kila ukiipiga unaiachia chaji, na kauri haipitishi umeme, kwa hiyo chaji inakaa pale siku kadhaa inamsukuma huyu maskini. Mwisho wa wiki tukilala, inavuja kidogo kidogo. Jumatatu tunaanza safi. Ijumaa tumejaza tena."

"Lakini Jumatatu huwa tunasawazisha umeme wa pembeni," alisema Chapuchapu. "Nasawazisha mwenyewe, kila wiki."

"Ni kweli. Na leo ni siku gani?"

"Jumatano," alikiri Chapuchapu. Lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri kirahisi, na hilo Mwalimu alilipenda kwake. Aliweka boksi chini, akaja mezani, akapekua daftari la pili.

"Haya. Kama ni hivyo, hii wiki hapa je? Ijumaa hujaitia alama, sawa, kwa sababu hatukuchukua vipimo. Lakini Jumatano na Alhamisi umezitia. Katikati ya wiki! Nadharia yako imekwenda wapi?"

Mwalimu alibadilisha miwani, akasoma, na uso ukamkunjuka polepole.

"Soma mstari wa juu."

Chapuchapu alisoma kwa sauti. "'Waya wa nje wa kitanuri umeungua. Hatuwezi kunasa mpya. Tunaendelea na ioni moja tuliyonayo.'" Akahesabu tarehe. "Siku nne hatukuwasha zambarau."

"Siku nne."

"Mwalimu," alisema Chapuchapu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alizungumza taratibu, "mimi ni mjinga."

"Wewe si mjinga. Wewe una haraka. Ni ugonjwa mwingine, na huo una dawa."

Profesa aliyavuta madaftari kwake. Alipekua kurasa moja moja, daftari baada ya daftari, huku saa ya ukutani ikigonga. Mwalimu aliuma kucha kama msichana wa darasa la saba. Hatimaye Profesa alivua miwani.

"Chungu kisifunguliwe," alisema. "Nawapa mpaka Jumatatu. Spana zikae karibu."

*

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Alhamisi nzima Mwalimu aliinama. Waya wa kioo ulioleta mwanga wa zambarau ulipita chini ya meza, na ili kuusogeza ilibidi mtu alale chali sakafuni akiwa na kurunzi, kama fundi gari. Mwalimu ndiye aliyeijua njia yake, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyelala. Chapuchapu alikuwa juu, ameshika skrubu ya kioo cha kuelekeza mwanga.

"Zungusha robo."

"Tayari."

"Nimesema robo, siyo nusu!"

"Ilikuwa robo!"

"Robo ya kwako ni nusu ya binadamu wa kawaida. Rudisha."

Walipunguza unene wa mwanga kwa kuupitisha kwenye tundu dogo, wakausogeza unywele kwa unywele mpaka ukapita katikati kabisa ya nafasi kati ya vijiti bila kugusa kauri upande wowote. Kazi ya Alhamisi ikala na Ijumaa. Chapuchapu alijifunza kuzungusha robo, kisha robo ya robo, na Ijumaa jioni aliizungusha skrubu taratibu mno hata Mwalimu akamuuliza kama amelala. Kisha wakazima kila kitu, wakaiacha chaji ya zamani ivuje yenyewe, wakaenda nyumbani.

Jumatatu Profesa alishuka mwenyewe maabara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uanze. Alikuwa na dadu mfukoni.

"Simwamini mtu yeyote," alisema, "nami mwenyewe nikiwemo. Nitakaa nyuma ya pazia. Nitarusha dadu. Ikija shufwa, napanga atomu zielekee juu. Ikija witiri, chini. Ninyi hamtajua. Mtatazama nukta tu, na kuniambia nimepanga nini. Mara ishirini."

Chapuchapu akatazama dadu. "Profesa, hilo umelitoa wapi?"

"Nina wajukuu," alisema Profesa, akapotea nyuma ya pazia.

Wakaanza. Wakasikia dadu ikigonga meza, kitufe kikalia, wingu likapita. Nukta ikabaki.

"Juu," alisema Mwalimu.

Kalamu ikakwaruza nyuma ya pazia. Dadu tena. Nukta ikazimika.

"Chini."

Wakanasa nyingine. Kila waliponasa, Mwalimu alilegeza mtego kuona kama nukta itateleza. Mara ya kwanza haikuhama. Mara ya nne haikuhama. Mara ya saba, saa ambayo zamani kauri ingekuwa imeshajaa chaji pomoni, nukta ilikaa palepale, kitovuni, imejaa tele. Chapuchapu alimshika Mwalimu mkono bila kujua, akauachia, kisha akaushika tena kwa makusudi.

"Juu."

"Chini."

"Chini."

"Juu."

Walikula mikate yao mbele ya skrini. Kufika saa kumi alasiri, dadu ikagonga mara ya ishirini, nukta ikabaki, na Mwalimu akasema "Juu". Wakangoja. Walisikia karatasi. Walisikia kalamu. Kisha wakasikia kitu ambacho hawakukitambua mara moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kukisikia: Profesa alikuwa anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chembamba, cha juu, kama cha mtoto anayetekenywa, na kilipomshinda alikohoa, akapumzika, akaanza upya.

Alitoka nyuma ya pazia akifuta macho.

"Kumi na tisa," alisema. "Kumi na tisa kati ya ishirini. Ya kumi na tatu nilipanga juu, nayo ikazimika. Mmekosa moja!"

"Samahani, Profesa," alisema Mwalimu kwa mazoea.

"Samahani ya nini? Mngepata ishirini ningeshuku mmechungulia! Moja kati ya ishirini, hiyo ndiyo dunia yenyewe!" Akampa Mwalimu mkono, akaona hautoshi, akaongeza wa pili, akawa anamtikisa yote miwili kama anayechota maji kwa pampu. "Mwalimu. Umemwambia atomu la kufanya, naye amekusikia."

Chapuchapu alikuwa ameshatoka mbio kwenye korido, akigonga milango. Watu wa maabara ya jirani walikuja wakidhani kuna moto. Mtu alileta soda, mtu mwingine akaleta keki iliyokuwa ya shughuli nyingine. Mwalimu alisimama kando, mgongo ukimuuma bado kwa sababu ya ile sakafu, akapiga simu.

"Binti yangu! Imekubali!"

"Mama," alinong'ona binti, "nimemlaza sasa hivi. Ukimwamsha huyu, utakuja kumlaza wewe." Kisha, kwa mnong'ono uleule: "Kweli imekubali? Kweli kweli? Oo, Mama." Na Mwalimu akasikia kwamba binti analia, na mtoto naye akaamka akaanza kulia, na wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake, wakawa wanalia kwenye simu moja.

*

Jumamosi iliyofuata alileta ukoo mzima. Mkwe alibaki kwenye korido na mtoto mgongoni, akitembea huku na huku. Binti na mume wa Mwalimu waliingia chumba cha skrini. Chapuchapu aliwawekea viti, akaanza kuwaeleza, akaeleza kwa kasi mno, akajishtukia, akaanza upya polepole.

Seremala aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo," alisema Mwalimu.

"Hii nukta ni atomu moja? Moja tu?"

"Moja tu."

Alitazama kwa muda. Huyu alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alishika vitu vyenye uzito, akavinusa, akavigonga kwa kidole kujua kama vimekauka. "Haijasogea," alisema mwishowe, kwa heshima, kama fundi anayesifia kazi ya fundi mwenzake. "Nani ameikaza?"

"Mimi."

"Hm." Akaona kitufe. "Na hiki?"

"Hicho kinageuza atomu. Zikielekea chini, wingu likipita, zinamenyuka. Unataka kubonyeza?"

Alifuta kidole kwenye suruali, akabonyeza. Wingu likapita. Nukta ikazimika, skrini ikabaki nyeusi.

Seremala aliruka nyuma kama aliyeunguzwa. "Mama yangu! Nimeiharibu! Mke wangu, nimekuharibia kazi ya mwaka mzima, nami sikusukuma hata kwa nguvu!"

Chapuchapu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Mwalimu alijaribu kumweleza mumewe kwamba ndivyo ilivyotakiwa, lakini kila akifungua mdomo kicheko kilimpokonya maneno, na yeye seremala aliendelea kuomba radhi kwa kila aliyekuwemo chumbani, mmoja mmoja.

"Siyo umeiharibu, Baba," alisema binti, ambaye alikuwa amefuata maelezo yote kimya kimya na sasa ameinama mbele kwenye kiti chake. "Umeiambia imenyuke, ikamenyuka. Mama, nasa nyingine. Halafu tuiambie isimenyuke."

Mwalimu akapangusa machozi, akavaa miwani ya kusomea, akawasha kitanuri.